Kati ya Banio na Jaruba la Mwisho

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 nchini Tanzania, na karibu theluthi mbili yao wanaishi vijijini. Sehemu kubwa ya wakazi hao hupata riziki shambani. Ndiyo maana swali la nini hasa husukuma maendeleo ya kijiji cha wakulima halikosi majibu: maji ya umwagiliaji, barabara inayopitika mwaka mzima, ghala, umeme, mbegu bora na mbolea, mikopo, afisa ugani anayefika shambani. Kila jibu lina ukweli wake, na kila jibu limeshaandikiwa miradi mingi. Kinachozungumzwa kidogo ni yale yanayoupata mradi baada ya kuandikwa. Andiko huahidi kitu kizima, kijiji hupokea sehemu. Maendeleo hupimwa kwa ile sehemu iliyomfikia mtumiaji, na kwa wakati ilipomfikia.

Skimu ya umwagiliaji wa mpunga inafaa kutumika kuitazama safari hiyo, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila kitu ambacho kijiji cha wakulima huhitaji: maji, barabara, ghala, nishati na uongozi wa pamoja. Katika mabonde ya Usangu, Kilombero na Pangani mkulima hahitaji kuelezwa tofauti ya shamba lenye maji ya uhakika na shamba la kutegemea mawingu. Makala hii haimkagui mtu wala haichambui skimu yoyote moja. Inapita hatua za kawaida za miradi ya aina hii, na kuweka kinachoahidiwa kando ya kinachojengwa.

Hatua ya kwanza ni mpango. Maandiko ya skimu hufanana sana: banio la zege la kuchepusha maji mtoni, mfereji mkuu uliosakafiwa, mifereji ya kati, vigawa maji, mifereji midogo ya kuingiza maji kwenye majaruba, mitaro ya kutolea maji, barabara za ndani ya mashamba, ghala, na mafunzo kwa chama cha wamwagiliaji. Baada ya orodha hiyo huja tarakimu: hekta zitakazomwagiliwa, kaya zitakazonufaika, magunia kwa eka, na mavuno mawili kwa mwaka mahali palipokuwa na moja.

Tarakimu ya hekta ndiyo inayobeba nyingine zote, kwa hiyo inastahili kuulizwa maswali zaidi. Ndani yake mna hesabu tatu zinazochanganywa kwa urahisi. Ya kwanza ni eneo lote ambalo mfereji unaweza kulifikia kwa mteremko wake. Ya pili ni eneo ambalo maji ya msimu wa mvua yanalitosha. Ya tatu, iliyo ndogo kuliko zote, ni eneo ambalo maji ya kiangazi yanalitosha, mto unapokuwa umepungua na watumiaji wengine wa chini nao wanadai haki yao. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, uchotaji wa maji mtoni kwa skimu huhitaji kibali, na kibali hutaja kiasi cha maji. Andiko linalotaja hesabu ya kwanza na kuahidi mavuno mawili, jambo linalotegemea hesabu ya tatu, huanza na pengo kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Mara nyingi chanzo cha pengo hilo ni upungufu wa vipimo. Mito mingi midogo haina rekodi ndefu za mtiririko, na mhandisi hulazimika kufanya kazi na vipimo vichache pamoja na makadirio ya mvua.

Kuna hesabu nyingine ambayo wakulima huiona kwa macho hata kama hawajaiona kwenye karatasi. Wataalamu wa umwagiliaji huchukulia kwamba mfereji wa udongo wa kichanga wenye urefu unaozidi kilomita 2, ukiwa umetunzwa vizuri, hufikisha asilimia 60 tu ya maji uliyoyapokea. Ukipita kwenye udongo wa mfinyanzi hufikisha asilimia 80, na ukisakafiwa asilimia 95. Chukua lita 100 kwa sekunde zinazoingia banioni. Katika mfereji wa kichanga zitafika lita 60, katika uliosakafiwa lita 95. Mpunga hukadiriwa kuhitaji lita 1 hadi 2 kwa sekunde kwa kila hekta, hivyo tofauti ya lita 35 ni maji ya hekta 17 hadi 35. Kwa hiyo uamuzi wa kuacha kipande cha mfereji bila kusakafiwa huonekana kama kuokoa saruji, lakini kwa mkulima wa mwisho ni uamuzi kuhusu shamba lake.

Mpango pia huwa na upande wa watu. Mkutano huitishwa, mhandisi huonyesha ramani, wanakijiji huunga mkono, mahudhurio husainiwa. Kinachokosekana mara nyingi ni mazungumzo marefu kuhusu zamu za maji. Zamu si jambo geni katika nchi yetu. Wapare walijenga ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji usiku ili yatumike mchana. Wachagga walichimba mifongo iliyoshusha maji kutoka mito ya Mlima Kilimanjaro hadi mashamba ya chini. Kazi hizo zilidumu kwa vizazi kwa sababu kila mwenye shamba aliijua siku yake ya maji na siku yake ya kusafisha mfereji, na asiyejitokeza kwenye kazi alitozwa. Katika miradi ya sasa ramani ya mifereji huchorwa kwanza na ratiba ya zamu huachwa ije baadaye, pamoja na mafunzo.

Kisha huja kalenda, na hapa miradi mingi hupoteza muda kabla ya kuanza. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Zabuni hutangazwa, hufunguliwa, hutathminiwa, mkataba hupitiwa na wanasheria, mkandarasi hukabidhiwa eneo la kazi. Hata pale ambapo kila ofisi imefanya wajibu wake kwa wakati, miezi minne hupita kwa urahisi. Mkataba ukisainiwa Novemba, mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Mbeya, Ruvuma, Dodoma na Singida, ndiyo kwanza inaanza kunyeshewa, na mvua hizo huendelea hadi Aprili. Mikoa ya kaskazini na pwani iko katikati ya vuli, na baada yake masika ya Machi hadi Mei yanasubiri. Miezi mikavu ambayo mtambo unaweza kuchimba mfereji bila kuzama huanza karibu Mei au Juni, wakati mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Fedha na kiangazi hukutana kwa muda mfupi sana. Mkataba wa miezi 12 unaoonekana mrefu ofisini huwa na miezi mitano au sita tu ya kazi ya udongo.

Kwa mkulima, tarehe ina maana nyingine. Katika maeneo ya msimu mmoja, kitalu cha mpunga huandaliwa mvua zinapoanza, na miche huhamishiwa majarubani wiki chache baadaye. Mfereji uliotakiwa kufunguliwa Desemba ukifunguliwa Machi, ofisini huo ni ucheleweshaji wa miezi mitatu, ila shambani ni msimu mzima, na msimu hurudi baada ya mwaka. Zaidi ya hapo, ujenzi wenyewe hufunga mifereji ya zamani. Skimu nyingi hujengwa mahali ambapo watu walikuwa wakimwagilia tayari kwa mifereji ya kuchimba kwa mkono, na mkandarasi hawezi kumwaga zege ndani ya maji yanayotiririka. Msimu huo wa kupisha ujenzi ni gharama halisi ya kaya, lakini ni nadra kuiona kwenye jedwali la gharama za mradi.

Ujenzi ukianza, huenda kwa mpangilio ambao mhandisi yeyote angeufuata. Kazi huanzia mtoni. Banio hujengwa kwanza kwa sababu lazima lisimame kabla mto haujafurika. Mfereji mkuu hufuata, kisha vigawa maji vya kwanza, kisha mifereji ya kati. Mifereji midogo, mitaro, barabara za mashambani na ghala huja mwisho. Mpangilio huu una mantiki, kwa kuwa hakuna faida ya kuchimba mfereji mdogo ambao hauna maji ya kubeba. Lakini una tokeo moja ambalo hujirudia kwenye miradi ya kila aina. Mradi wa maji ya bomba huanza na chanzo na tangi, na vituo vya kuchotea huja mwishoni. Umeme huanza na nguzo za laini kubwa, na nyaya za kuingia majumbani na mashineni huja mwishoni. Barabara huanza pale inapoungana na lami na kuelekea ndani. Kila mahali ujenzi huanzia kwenye chanzo na mtumiaji yuko upande wa pili. Fedha ikipungua au muda ukiisha, kinachobaki bila kujengwa ni kile kilicho karibu zaidi na mtumiaji.

Hapo ndipo asilimia ya utekelezaji inapohitaji kusomwa kwa uangalifu. Asilimia hiyo hupimwa kwa thamani ya kazi iliyofanyika, na banio pamoja na mfereji mkuu ndivyo vinavyokula saruji, nondo, mawe na saa za mitambo. Skimu inaweza kuripotiwa imefikia asilimia 85 kwa haki kabisa, bila udanganyifu wowote katika vipimo, na bado isiwe imemwagilia hata jaruba moja jipya. Ripoti hupima kilichotumika, mkulima hupima kilichomfikia, na vipimo hivyo viwili vinaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja.

Yanayoachwa yana mfuatano wake. La kwanza ni mkia wa skimu: mifereji midogo ya eneo la chini, ambayo katika mchoro ina mistari mizuri lakini uwanjani wakulima huambiwa watajichimbia wenyewe. Wengine hujichimbia vizuri. Wengine hukata ukingo wa mfereji popote panapowafaa, na baada ya misimu michache mfereji huwa na matobo mengi kuliko milango. La pili ni mitaro ya kutolea maji. Mtaro hauna mvuto wa kuzinduliwa, lakini bila huo maji husimama, eneo la chini hugeuka bwawa, na katika sehemu zenye ukame chumvi hupanda juu ya udongo taratibu hadi shamba linakataa kuzaa.

La tatu ni barabara na hasa makalavati yake. Barabara ya kilomita 20 yenye sehemu moja isiyopitika wakati wa mvua haipitiki, na sehemu hiyo moja huwa ni kwenye kijito ambako kalavati liliahirishwa. Mnunuzi wa mpunga hufanya hesabu rahisi. Kama lori litalala njiani, gharama ya kulala huko hukatwa kwenye bei ya gunia, au hurudi kwa sura ya lumbesa, gunia lililoshindiliwa na kushonewa kilemba linalouzwa kwa bei ya gunia la kawaida. Mazao yanaweza kuongezeka kwa sababu ya maji na kipato kisiongezeke kwa sababu ya kalavati.

La nne ni vifaa vya ndani ya majengo. Kuta na paa la ghala hukamilika, mizani haijafika, chaga za kupangia magunia hazijafika, kipima unyevu hakijafika. Kwa viwango vya Afrika Mashariki mahindi, kwa mfano, hayapaswi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5, kwani yakizidi hapo huvunda na kukaribisha sumukuvu. Ghala lisilo na kipima unyevu halina namna ya kuyakataa mahindi mabichi, na ghala lisiloaminika haliwezi kuingia kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao sheria yake ilipitishwa mwaka 2005 ili mkulima aweze kuweka mazao, kupewa stakabadhi na kusubiri bei nzuri. Matokeo yake jengo hutumika kwa mikutano na kuhifadhia viti. Umeme nao hufika kijijini ukiwa wa njia moja, unaotosha taa na friji, ilhali mashine ya kukoboa inayoendeshwa kwa mota kubwa inahitaji njia tatu. Mwenye mashine huendelea kununua dizeli, na bei ya kukoboa hubaki pale pale.

Yapo pia yanayoachwa katika miradi inayotekelezwa na wananchi wenyewe. Vijiji vingi vina maboma ya madarasa, zahanati na maghala ambayo watu waliyapandisha kwa kuchangia matofali, mchanga na nguvukazi hadi kwenye renta, kisha yakasubiri fedha za kupaua. Utaratibu wa kununua vifaa na kuwatumia mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi, ambao wengi huuita fosi akaunti, umepunguza gharama za majengo madogo na kuacha fedha kijijini. Upungufu wake huonekana pale ambapo usimamizi wa kitaalamu ni wa mara chache, au bei za vifaa zimepanda baada ya kiasi cha fedha kupangwa. Kuta zikinyeshewa misimu kadhaa bila paa, sehemu ya mchango wa wananchi hurudi udongoni.

Sasa kwa nini gharama hukua? Maelezo yanayotolewa haraka ni mawili, ubadhirifu au mfumuko wa bei. Yote mawili yapo duniani, lakini hesabu za miradi ya aina hii huonyesha sababu nyingi za kawaida ambazo hujipanga moja juu ya nyingine.

Sababu ya kwanza ni umri wa makadirio. Usanifu unaweza kufanyika mwaka huu na fedha zikapatikana miaka mitatu au minne baadaye, bila bei kurekebishwa ipasavyo. Kinachoitwa ongezeko la gharama hapo ni bei ya zamani iliyokutana na soko la leo. Ya pili ni udongo. Mashimo machache ya uchunguzi hayawezi kueleza kilomita nyingi za mfereji. Mwamba ukikutwa mahali palipodhaniwa ni udongo, au mfinyanzi mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, usanifu hubadilika na bili hubadilika nao. Ya tatu ni vitu vinavyotoka nje: pampu, mabomba, milango ya chuma, lami, na mafuta ya mitambo, ambavyo bei yake hufuata thamani ya shilingi dhidi ya dola.

Sababu ya nne ni malipo. Mkandarasi hulipwa kwa hati za kazi iliyokamilika. Hati ikichelewa kulipwa, hupunguza vibarua, huhamishia mtambo mahali pengine, na mkataba humruhusu kudai riba na nyongeza ya muda. Muda ukiongezeka, mhandisi msimamizi huendelea kulipwa, na kambi huendelea kulindwa. Kwa upande mwingine, wapo wakandarasi walioshinda kwa bei ya chini mno, ambao hawangeweza kumaliza hata kama wangelipwa siku ile ile. Mtazamaji aliye nje hawezi kujua mara moja ni upande upi umechelewesha, na mara nyingi ni pande zote mbili kwa zamu.

Sababu ya tano ni mvua iliyotajwa hapo juu. Banio lililofikiwa na mafuriko kabla ya kingo zake kukamilika hujengwa upya kwa sehemu, na mfereji uliochimbwa bila kusakafiwa hujaa mchanga ndani ya msimu mmoja. Ya sita ni fidia. Mfereji na barabara hupita kwenye mashamba ya watu, na Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinatambua haki ya kulipwa fidia. Uthamini ukifanyika mapema, fidia ni kifungu cha kawaida cha bajeti. Ukifanyika baada ya mtambo kufika, huwa ni mgogoro, na mgogoro una gharama kubwa kuliko fidia yenyewe. Ya saba ni mchango wa wananchi. Andiko hutaja kwamba kijiji kitachangia sehemu fulani kwa nguvukazi, na thamani yake huwekwa kwenye jedwali. Lakini siku za kuchimba zikiangukia siku za kupalilia, watu huenda shambani kwao kwanza. Pengo hilo hujazwa kwa fedha au huachwa wazi.

Gharama zikishakua, msimamizi wa mradi huwa na njia mbili. Aombe nyongeza, jambo linalochukua muda, au apunguze kazi ibaki ndani ya mkataba. Kupunguza ni rahisi zaidi, na kinachopunguzwa ni kile ambacho hakijaanza. Kwa mpangilio wa ujenzi ulioelezwa, ambacho hakijaanza ni mkia. Ongezeko la gharama juu ya mlima huishia kuwa upungufu wa maji bondeni, bila mtu yeyote kukaa kikao na kuamua kwamba wakulima wa chini ndio watakaokosa.

Haki inataka isemwe kwamba hata mradi ambao haukukamilika huacha kitu. Banio la kudumu huwaondolea wakulima kazi ya kujenga upya kila mwaka banio la miti na viroba vya mchanga linalosombwa na mafuriko. Mfereji mkuu hufupisha siku za kungoja maji kwa walio juu. Barabara iliyochongwa, hata ikiwa ya udongo, huleta bodaboda, na bodaboda humfikisha mgonjwa kituo cha afya na matenga ya nyanya sokoni. Vijiji vingi vilivyopata nusu ya mradi viko mahali pazuri kuliko vilivyokosa wote. Swali la haki ni kama fedha ile ile, ikipangwa vingine, ingewafikia watu wengi zaidi.

Hata pale kila kitu kinapojengwa, huja suala la nani anatumia. Maji yakifika, kodi ya shamba hupanda. Aliyekuwa akikodi eka kwa bei ndogo hushindwa kuikodi tena, na mwenye mtaji kutoka mjini huchukua nafasi yake. Wanawake ambao walilima mboga kwenye ukingo wa mfereji wa zamani wanaweza kukuta ukingo umekuwa barabara ya trekta. Wakulima wa juu humwagilia mchana na wa chini huamka usiku, tena wakiwa na tochi na jembe kulinda zamu yao. Mambo haya hayamo kwenye bili ya mkandarasi, na hakuna zege linaloyatatua. Hutatuliwa na chama cha wamwagiliaji chenye orodha ya mashamba, ratiba ya zamu, ada inayolipika baada ya mavuno, na hesabu zinazosomwa mbele ya wanachama. Mali bila daftari huisha bila habari, na skimu ni mali ambayo mchanga huanza kuila siku ya kwanza. Ada ya maji inayotosha kusafisha mfereji na kupaka grisi milango ndiyo inayoamua kama banio litatumika miaka 5 au 25.

Pendekezo linalotolewa mara kwa mara ni kujenga kwa vipande vinavyokamilika. Badala ya kuchimba mfereji mkuu wa eneo lote na kuishia hapo, fedha iliyopo ipeleke maji hadi majarubani kwenye sehemu moja, pamoja na mitaro, kalavati na mafunzo yake, kisha sehemu ya pili ifuate. Wahandisi wana hoja dhidi yake ambazo hazipaswi kupuuzwa. Banio haliwezi kujengwa nusu, lazima liwe na ukubwa wa skimu nzima tangu mwanzo. Kumleta mkandarasi mara mbili ni ghali. Viongozi nao wana hoja yao: kitongoji kitakachoambiwa kisubiri awamu ya pili hakitachangia awamu ya kwanza, na kina sababu ya kuogopa kwamba awamu hiyo haitakuja. Hoja hizo ni nzito. Hata hivyo, baada ya banio kusimama, uamuzi wa wapi fedha inayofuata iende bado uko wazi, na hapo ndipo kukamilisha kipande hadi mwisho kunashinda kurefusha mfereji mkuu. Hekta 100 zinazovunwa hulipa ada, hukusanya mpunga wa kutosha kuita lori, na huwapa watu wa awamu ya pili kitu cha kukiona. Hekta 400 zilizo kwenye ramani hazifanyi lolote kati ya hayo.

Nafasi ya mwisho ya kurekebisha mambo iko kwenye makabidhiano. Baada ya makabidhiano ya awali huwa kuna kipindi cha matazamio, kwa kawaida cha mwaka mmoja, ambacho mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama yake, na sehemu ya malipo yake huzuiwa hadi kipindi hicho kiishe. Kwa skimu, mwaka huo una thamani ya pekee kwa sababu una msimu mmoja kamili wa mvua na kiangazi kimoja. Lango lisilofunga, kigawa maji kinachopendelea upande mmoja, mfereji unaovuja, vyote hujionyesha ndani ya muda huo. Lakini kasoro hurekebishwa ikiwa imeandikwa na kupelekwa kwa mhandisi kabla ya tarehe. Vijiji vingi huijua zaidi tarehe ya sherehe ya uzinduzi kuliko tarehe ya kuisha kwa matazamio.

Kinachosukuma maendeleo ya kijiji cha wakulima, kwa mizani yote, ni huduma inayomfikia mtumiaji kabla msimu haujapita na inayotunzwa baada ya hapo. Kwa hiyo kukamilika kungefaa kuhesabiwa kutoka upande wa mkulima: jaruba la mwisho limepata maji lini, lori limepita kwenye kijito wakati wa mvua, ghala limepokea na kutoa gunia lenye stakabadhi. Wananchi hawahitaji ruhusa mpya ili kuuliza hayo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inampa kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na zaidi nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Mradi uwekwe kwenye ajenda ya kila mkutano. Mtendaji wa kijiji asome tarehe za mkataba, kamati ya ujenzi ieleze kilichopunguzwa na sababu yake, na mkulima wa mkiani apewe nafasi ya kusema kama maji yamefika. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, na nakala ipelekwe halmashauri kabla hati ya mwisho haijasainiwa.